Siku za kwanza ugenini: tuwaruhusu watoto wetu waseme kweli



Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote, aliyemfundisha mwanadamu yale asiyoyajua. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba zake, waliouhama mji walioupenda wakaanza maisha mapya katika mji wasiouzoea. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, kila mwaka inapokaribia miezi ya Agosti na Septemba hupata wageni wengi nyumbani kwangu. Mzazi huja akiongozana na kijana wake, wa kiume au wa kike, aliyepata nafasi ya masomo nchi za nje: huyu anakwenda Misri, yule Uturuki, mwingine Malaysia au India. Wanaomba dua, nasi tunaomba dua pamoja. Kisha mzazi huuliza maswali yake: huko kuna baridi kiasi gani? Achukue fedha taslimu kiasi gani? Chakula cha halali kinapatikana? Yote ni maswali mazuri, na huyajibu kwa kadiri ya ujuzi wangu.

Hata hivyo, liko swali moja ambalo takriban hakuna mzazi anayeliuliza, nalo ndilo kubwa kuliko yote: kijana huyu akifikwa na shida katika wiki zake za mwanzo, atamwambia nani?

Leo ningependa tulitazame swali hilo, kwani nimeamini kwa muda mrefu kwamba shida za siku za kwanza ugenini hazimwangamizi mwanafunzi. Hazina budi kumpata, na nyingi hupita. Kinachomwangamiza ni kuzificha. Na la kusikitisha ni kwamba wanaomfundisha kuzificha, mara nyingi bila kukusudia, ni sisi wazazi na jamii iliyomsindikiza.

Mgeni asiyejua jina la mkate

Niruhusuni nianze na nafsi yangu. Niliwasili Cairo mwezi Septemba mwaka 1992, nikiwa na umri wa miaka 21. Nilitokea Tanga, ambako nilisoma madrasa tangu utotoni. Baba yangu alikuwa amekwisha kufariki, hivyo nauli yangu ilitokana na mchango wa msikitini. Baada ya sala ya Ijumaa kofia ilipitishwa safu kwa safu, na watu wanaouza samaki, madafu na mihogo walitoa walichojaaliwa. Siku ya safari nilisindikizwa hadi kituo cha basi na watu wasiopungua arobaini. Kwa hakika nilikuwa nimebeba heshima ya mtaa mzima, na mzigo huo, kama nitakavyoeleza, ulikuwa mzito kuliko sanduku langu.

Nilikwenda nikijiamini. Nahau nilikuwa nimeisoma, matini ya Ajurumia nilikuwa nimeihifadhi, na nilidhani kwamba mtu anayejua Kiarabu cha vitabuni hawezi kuwa mgeni katika mji wa Waarabu. Siku ya pili nilikwenda kununua mkate. Nikamwambia muuzaji kwa Kiarabu fasihi, kila herufi na irabu yake, kwamba ninataka khubz. Akanitazama, akacheka kwa upole, akasema: "'Aish, ya ibni." Kumbe watu wa Misri mkate huuita 'aish, neno lenye maana ya maisha. Nilipouliza bei akaniambia ni shilin. Nikashangaa sana, nikidhani anataka shilingi za kwetu, kumbe shilin ndilo jina la mtaani la piastra 5. (Mkate ule wa ruzuku uliendelea kuuzwa piastra 5 kwa zaidi ya miaka 30, hadi bei yake ilipopandishwa kuwa piastra 20 mwezi Juni 2024.) Basi hiyo ndiyo ilikuwa hali yangu: nilijua namna ya kuliirabu neno mkate, lakini sikujua namna ya kuununua.

Sikio langu nalo lilinisaliti. Watu wa Cairo herufi ya jim huitamka kama ga, na qaf huimeza, hivyo jamil huwa gamil na qalb huwa 'alb. Nilikuwa nikisikia Kiarabu mchana kutwa nisielewe neno, mithili ya mtu anayeitwa jina lake kwa mbali asijue kama ni yeye.

Kisha likaja tukio la saa. Niliambiwa nifike katika ofisi moja kwa ajili ya kibali cha ukaazi saa "tis'a". Mimi Mswahili nikasikia saa tisa. Nikafika alasiri, nikakuta milango imefungwa na mlinzi anakunywa chai. Tis'a yao ilikuwa ni saa tatu ya asubuhi kwa hesabu yetu. Neno ni lile lile, nasi tumelichukua kutoka kwao, lakini saa zetu huanza kuhesabiwa pambazuko linapochomoza na zao huanza usiku wa manane.

Ndugu msomaji, mambo haya yanachekesha leo. Wakati ule hayakunichekesha. Mtu mzima aliyekuwa akisalisha watu kwao, akaonekana mtoto mbele ya muuza mkate, huumia moyoni. Na huko kuumia ndiko kulikonifungulia mlango wa kosa lililofuata.

Barua isiyo na lalamiko

Katika wiki ya pili nilipanda basi lililosheheni watu kuelekea katikati ya mji. Nilikuwa na dola 150, mchango wote uliobakia, nimezitia katika mfuko mmoja wa shati. Niliposhuka, mfuko ulikuwa mtupu. Sikumwona aliyezichukua na sikupata kumjua. Kosa lilikuwa langu kuweka akiba yote mahali pamoja.

Nilikuwa nikiishi katika nyumba ya kupanga huko Madinat Nasr pamoja na wanafunzi wanne: Mkomoro mmoja, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu, Mganda mmoja na Watanzania wawili. Sikumwambia hata mmoja wao. Nikaona aibu. Nilijiambia kwamba wataniona mshamba, na kwamba habari zikifika Tanga itasemwa kuwa fedha za msikiti nimezichezea. Kila jioni walipotandika sinia la ful na kunikaribisha, nami nikijua kwamba sina fungu langu la kuchangia, niliwaambia kuwa nimekwisha kula. Mchana wakiniuliza mbona sionekani nikila, niliwaambia kuwa nimefunga.

Ninaandika jambo hili kwa haya, naye Allah ni Mwenye kusamehe. Sikuwa nimefunga. Nilikuwa na njaa, nikaivika njaa yangu nguo ya ibada ili watu wasiione. Kwa takriban wiki tatu niliishi kwa mkate na chumvi, wakati mwingine na kitunguu, nikienda darasani kwa miguu hali ya kuwa kichwa kinazunguka. Katika siku zile zile nikamwandikia mama yangu barua. Nilimwambia kwamba nimefika salama, chakula ni kizuri, watu ni wema, fedha zipo na asiwe na wasiwasi wowote.

Siku ya Jumatatu, tarehe 12 Oktoba 1992, muda mfupi baada ya saa tisa alasiri, ardhi ya Cairo ilitetemeka. Wengi wenu mtakuwa mmesikia habari za tetemeko lile. Halikuwa miongoni mwa matetemeko makubwa kabisa ya dunia, kwani nguvu yake ilikadiriwa kuwa 5.8, lakini majumba mengi yalikuwa ya zamani au hayakujengwa vyema. Watu zaidi ya 500 walifariki, wakiwemo watoto wa shule waliokanyagana wakikimbilia nje. Sisi tulitoka salama. Usiku ule watu wengi walilala nje. Mama mmoja wa Kimisri wa nyumba ya jirani, ambaye hata jina letu hakulijua, alituletea mikate, jibini na chai, akatuhimiza tule kama anavyowahimiza wanawe. Mimi nilikula sana, hata wenzangu wakatazamana.

Habari zilipotangazwa katika redio, mama yangu alizisikia. Hakuwa na simu. Siku ya Jumatano nilikwenda kwenye nyumba ya simu, ambayo Wamisri huiita sentral, ili nipige simu katika duka la mtaani kwetu. Dakika tatu za kwenda Tanga zilikuwa na gharama kubwa, nami sikuwa na kitu. Mkomoro yule, ambaye tulikuwa tumeongozana, aliniuliza taratibu: "Ndugu yangu, fedha zako ziko wapi?" Hapo sikuweza tena. Nikamweleza yote.

Hakunikemea. Alinilipia simu, kisha akaniambia kwamba yeye naye aliibiwa katika mwezi wake wa kwanza, na kwamba nyumba yetu ilikuwa na kikasha ambacho kila mwenye uwezo hutia kidogo kila mwezi kwa ajili ya mambo kama hayo. Kikasha hicho kilikuwa juu ya kabati, hatua tatu kutoka kitandani kwangu. Wiki tatu zote nililala na njaa pembeni ya dawa yake, kwa sababu tu ya kutofungua kinywa.

Mama alipofika kwenye simu, baada ya kumshukuru Allah kwa uzima wangu, alisema maneno ambayo sijayasahau: "Mwanangu, barua yako imefika jana. Haina hata lalamiko moja. Mtoto niliyemlea mimi hulalamika hata mchuzi ukipungua chumvi. Nilipoisoma nikajua kuna jambo umenificha. Haya, sema."

Wahenga wetu walikwisha kutuonya: mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Madina na Madyan

Ndugu Waislamu, lau tungesoma sira kwa mazingatio tungeona kwamba kulemewa na ugeni si upungufu wa imani. Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Bi Aisha (RA) kwamba Mtume (SAW) na masahaba zake walipohamia Madina, Sayyidna Abubakar na Bilal (RA) walishikwa na homa. Bi Aisha aliwaendea akawajulia hali. Hawakumwambia kuwa hawajambo. Kila mmoja alisema yaliyomo moyoni mwake, na Bilal alidhihirisha shauku yake ya Makka, akitamani kuyaona tena mabonde yake, majani yake na vilima vyake. Tukumbuke kwamba huyu ni Bilal aliyeteswa Makka hiyo hiyo kwa mawe na jua. Pamoja na hayo, nafsi yake iliutamani mji.

Bi Aisha alipompelekea Mtume (SAW) habari hizo, hakusema kwamba masahaba hawa wamekosa subira. Alimwomba Allah awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi, aufanye mji huo uwe wa afya, na abariki hata vipimo vyake vya chakula. Tazameni mambo matatu aliyowaombea wageni wale: mapenzi ya mji mpya, afya na chakula. Hayo matatu ndiyo yale yale yanayomsumbua mwanafunzi hadi leo.

Mfano wa pili ni wa Nabii Musa (AS), ambaye safari yake ilikuwa kinyume na yangu, kwani yeye alitoka Misri akakimbilia Madyan. Suratul Qasas inatusimulia kwamba alifika kisimani akiwa hana mwenyeji wala masurufu. Akawaona wanawake wawili wamezuia wanyama wao wakisubiri watu wamalize, akawanyweshea. Kisha akaketi kivulini, akamkiri Mola wake kwamba yeye ni mhitaji wa kheri yoyote atakayomteremshia. Muda mfupi baadaye aliitwa nyumbani kwa mzee, baba wa wanawake wale, naye akamsimulia habari zake zote. Mzee akamtuliza asiwe na khofu, na katika kikao hicho akapata makazi, kazi na mke.

Mgeni yule alifanya mambo matatu siku ya kwanza. Alimsaidia mtu kabla hajasaidiwa, alikiri haja yake mbele ya Mola wake, na alipokutana na mtu mwema alisema habari zake bila kuzipamba. Nabii mwenye nguvu, aliyelelewa katika jumba la Firauni, hakuona aibu kusema kwamba hana kitu. Mimi, mtoto wa Tanga, niliona aibu.

Fungua sanduku

Kuna somo jingine nililofunzwa na Mkomoro yule, nalo ni la kifikihi. Katika siku zangu za mwanzo nilikuwa nikipunguza sala, rakaa mbili badala ya nne, nikijihesabu kuwa ni msafiri. Nguo zangu nazo zilikuwa bado sandukuni. Kila asubuhi nilitoa ninayoivaa na kuifungia iliyobaki. Siku moja aliniuliza nimekuja kukaa muda gani. Nikamjibu kuwa ni miaka minne, inshaallah. Akatabasamu, akanikumbusha niliyoyasoma mwenyewe katika madhehebu yetu ya Imam Shafi: msafiri anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hukumu ya safari humwondokea tangu anapofika. "Sheria imekwisha kukufanya mkaazi," akasema. "Timiza sala zako, na ufungue sanduku."

Maneno yale yalikuwa na maana kuliko nilivyodhani. Wapo wanafunzi wanaokaa ugenini miaka minne huku nyoyo zao zikiwa bado ndani ya sanduku. Hawajui jina la jirani, hawajui imamu wa msikiti wa karibu, hawajifunzi lugha ya watu. Wanahesabu siku tu. Mtu wa namna hiyo akifikwa na shida hana mlango wa kubisha.

Wazee wetu katika elimu walilijua hilo. Msikiti wa Al-Azhar, uliofunguliwa kwa sala mwaka 972, kwa karne nyingi ulikuwa na riwaq, yaani kumbi za makazi na masomo za wanafunzi kwa mujibu wa nchi zao: ya watu wa Sham, ya Maghrib, ya Waturuki, na riwaq ya Jabart kwa wale waliotoka Pembe ya Afrika. Mwanahistoria mashuhuri Abdurrahman Al-Jabarti, aliyeshuhudia majeshi ya Napoleon yakiingia Misri mwaka 1798, anatokana na ukoo ulioisimamia riwaq hiyo. Mgeni aliyefika alikuta mtu wa lugha yake, mahali pa kulala na fungu la mkate. Katika miaka ya 1950 ulijengwa mji maalumu wa wanafunzi wa kigeni huko Abbasiya, Madinatul Bu'uth, kwa makusudio hayo hayo. Waarabu husema: tafuta mwenza kabla ya njia, na jirani kabla ya nyumba.

Simu ya leo

Atasema msomaji: Sheikh, hayo yalikuwa mambo ya barua. Leo mtoto anapiga simu ya picha kila siku, tunamwona uso wake. Ni kweli, na ni neema kubwa. Lakini simu huonyesha pale tu mwenye simu anapoielekeza. Nimekutana na vijana waliorudi ambao walikuwa wakiwaonyesha wazazi wao kona moja safi ya chumba, ilhali nyuma ya simu hapakuwa na godoro. Walikuwa wakiazima koti la mwenzao kwa ajili ya dakika tano za mazungumzo. Barua yangu ya uongo ilinichukua saa moja kuiandika; leo uongo huo huo hutumwa kwa nukta chache, na kila siku.

Kwa nini wanafanya hivyo? Tuwe wakweli. Sisi tunauliza maswali ambayo majibu yake yamo ndani yake: "Hujambo? Unakula vizuri? Mambo yanakwenda, siyo?" Mtoto anabakiwa na jibu moja tu, nalo ni ndiyo. Kisha kabla mwezi haujaisha tunamwagiza zawadi, au tunamkumbusha mdogo wake ana ada. Akithubutu kusema amelemewa, tunamwambia: "Sisi tulijinyima ili wewe uende huko." Kauli hiyo ni ya kweli, lakini ni kufuli. Aliyefungiwa nayo hatarudia kusema.

Aidha, tunatangaza mambo yao. Kijana akimweleza mama yake kwamba amefeli mtihani wa lugha wa kujipima daraja, Ijumaa habari ziko barazani. Siri ya mtoto ni amana. Akiona imevunjwa mara moja, ataiweka kwake au kwa watu wasiomtakia kheri, kwani ugenini wapo pia wanaomsubiri mpweke ili wampe fedha za haramu, ulevi au itikadi potofu. Hao nao hukaribisha wageni, na aghalabu hufika kabla yetu.

Na shida si zote ndogo. Tarehe 15 Aprili 2023 vita vilipolipuka mjini Khartoum, wanafunzi wa Kitanzania ni miongoni mwa waliolazimika kuondolewa na kurejeshwa nyumbani. Siku kama hiyo, jambo la kwanza linaloulizwa ni: yuko wapi, yuko na nani, ana nini mkononi? Mzazi aliyezoea kuambiwa ukweli katika mambo madogo atakuwa na jibu.

Nasaha

Kwako kijana unayesafiri. Kwanza, gawa fedha zako mahali pawili au patatu, na acha nakala ya pasipoti yako kwa mzazi. Pili, ukifika, salimiana na jirani na usali katika msikiti ulio karibu nawe, mahali pamoja katika safu, mpaka watu wakuzoee na siku usiyoonekana wakuulizie. Tatu, jiandikishe ubalozini na katika umoja wa wanafunzi wa nchi yako. Nne, jifunze lugha ya sokoni pamoja na ya kitabuni, na ukichekwa, cheka nao. Kuuliza si ujinga. Sayyidna Abdurrahman bin Auf (RA) alipofika Madina, nduguye wa Kiansari, Saad bin Rabii (RA), alimtolea nusu ya mali yake. Akamwombea baraka, kisha akauliza liko wapi soko. Hata hilo ni kuuliza. Asiyeuliza hawezi kuonyeshwa soko. Tano, chagua mtu mmoja huko na mtu mmoja nyumbani ambao hutawaficha kitu.

Kwako mzazi. Kabla ya safari, keti na mwanao faraghani umwambie kwa ulimi wako: "Ukikwama niambie, sitakulaumu na sitamwambia mtu." Kisha litimize. Mnapozungumza, acha kuuliza kama hajambo. Muulize ni jambo gani limemshinda wiki hii, na ni nani amemsaidia. Mueleze wewe nawe ulikwama wapi katika ujana wako. Miezi sita ya mwanzo usimwagize kitu. Na ikiwa kweli amelemewa hata akahitaji kurudi, mpokee. Kurudi na mtoto mzima ni bora kuliko shahada iliyobebwa na mtu aliyevunjika.

Kwetu sisi jamii. Tusidhani kwamba wageni wako nje tu. Katika vyuo vyetu vya Dar es Salaam, Zanzibar na Morogoro, na pale Mbale nchini Uganda, ambako Chuo Kikuu cha Kiislamu kipo tangu mwaka 1988, wapo vijana waliotoka nchi nyingine au mikoa ya mbali. Wengine wanasali nasi Ijumaa hii ya leo, safu ya nyuma, na wakialikwa chakula watasema wamefunga. Ukimwona mgeni wa namna hiyo, usimwulize kama ana njaa. Mwambie: "Twende nyumbani, chakula kipo tayari." Mama yule wa Kimisri hakutuuliza kitu. Alileta sinia tu.

Mimi nilimaliza masomo yangu, alhamdulillah, na mama yangu akaishi akaniona nikirejea. Barua ile aliihifadhi. Baada ya mazishi yake niliikuta katika kasha lake la nguo, imekunjwa pamoja na cheti changu cha madrasa. Kwa kalamu, pembeni mwa maneno yangu yasemayo kwamba fedha zipo, alikuwa ameandika tarehe ya siku ile niliyompigia simu nikamwambia kweli.

Tunamwomba Allah (SW) awahifadhi watoto wetu walio safarini, awapendezeshee miji waliyoiendea, awape afya, riziki ya halali na wenza wema, na atujaalie sisi wazazi vifua vya kuupokea ukweli wao. Amin.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.